Kuhusu Mbuzi Watatu Waliorudishwa Thika

Uwanja wa Malori ya Bwana Harbans,
Thika.
Jumatano, 11 Machi 1959.

Kwa Mzee Ndung'u,
Mzee wa Kanisa na Baba yake Idah,
Ruiru.

Mzee wangu ninayekuheshimu,

Pokea salamu kutoka Thika, ambako mvua imetanda tangu Jumapili na bado haijaamua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Idah, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Habari za mgongo nilizipata kwa dereva Omondi, ambaye hujua mambo yote ya Ruiru isipokuwa njia ya mkato. Mimi pia ni mzima, ila pale uliponiumiza.

Kwa kuwa hujawahi kuniona, nijitambulishe. Mimi ni Zacharia Makau, mzaliwa wa Machakos, karani wa safari katika uwanja huu. Malori ya Bwana Harbans ni sita. Mimi siendeshi hata moja, na gurudumu sijawahi kuligusa ila kwa kuliegemea. Kazi yangu ni kiti, meza, simu, ubao na chaki. Kila asubuhi naandika ubaoni: namba moja, mananasi, shambani hadi kiwandani, namba mbili, pumba hadi Ruiru, irudi na kahawa, na kuendelea hivyo mpaka sita. Madereva husimama mbele ya ubao, wakasoma, wakanilaumu, wakaondoka. Sheria yangu ni moja tu: lori lisirudi tupu. Anayekwenda kisimani harudi na ndoo kavu.

Binti yako Idah, kama ujuavyo, ndiye anayehesabu magunia katika kiwanda cha kahawa hapo Ruiru. Kila siku saa nane mchana mimi humpigia simu kuuliza ni magunia mangapi ya kuchukuliwa. Ndivyo tulivyojuana. Mwezi wa kwanza tulizungumza magunia. Mwezi wa pili tulizungumza magunia na mvua. Kufikia mwezi wa nane magunia yalikuwa yakisahaulika kabisa, na siku moja lori lilikwenda kuchukua ishirini likakuta hamsini yanaloa uani. Idah mwenyewe ndiye aliyesema, "Makau, kama ni mimi unataka, tuma wazee." Nami, Mzee, kutuma ndiyo kazi niliyosomea. Nikatuma.

Jumamosi iliyopita ukawarudisha mbuzi wangu watatu, tena kwa lori langu mwenyewe, ukisema huna binti wa kuozwa kwa mtu asiyeonekana. Nimekaa siku nne nikilitafakari jambo hili, na kwa adabu zote nimeona nikuandikie malalamiko yangu kwa namba, kama tunavyofanya hapa kazini.

1. Kuhusu jogoo mwekundu.

Naanza na jogoo kwa sababu ndiye mwenye umri mkubwa katika kesi hii. Mwaka jana kanisa lenu lilikuwa linangoja mabati. Mabati yalikuwa Thika dukani, ibada ya kufungua kanisa ilikuwa Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Malori yote yalikuwa na kazi. Nilikaa mbele ya ubao mpaka chai ikapoa. Nikaliondoa namba tano kwenye mawe, mawe nikayapa namba moja, na mananasi ya namba moja nikayaambia yavumilie, maana mananasi hayana wageni wa kualika. Jumamosi adhuhuri mabati yalikuwa mlangoni pa kanisa.

Mzee, ulisimama mbele ya waumini ukamshukuru Mungu, kisha ukamshukuru Omondi, ukampa jogoo. Kuhusu Mungu sina neno, alistahili. Lakini Omondi? Omondi alisoma ubao tu. Jogoo yule alipikwa hapa hapa uwanjani na Waceke, mama anayetuuzia chai. Nilisikia harufu yake kupitia dirishani nikiwa nimeshika simu, nikiwatafutia watu wengine mzigo wa kurudi nao. Sikuletewa hata shingo. Nilinyamaza, nikajiambia kwamba mtenda wema hutenda akaenda zake. Leo nasema.

2. Kuhusu neno ulilolisema, kwamba mimi ni sauti.

Baba yangu mdogo, Mzee Ndila, ambaye ndiye aliyewaongoza wazee wangu, ameniletea maneno yako kama yalivyo: "Mimi hapana peana msichana yangu kwa sauti ya simu." Niliyapokea kwa heshima, kisha nikakosa hamu ya chakula cha mchana.

Hebu tulizungumze hili polepole. Mzee, ukisikia ngurumo upande wa Kilimambogo unamwambia Mama Idah atoe mbegu. Hungoji ngurumo ije kwako ikusalimie kwa mkono. Ile redio ya kijijini kwenu mnaikusanyikia kila jioni, na mkiambiwa bei ya maziwa imebadilika mnaamini, wala hamjasema msomaji wa habari aje kwanza Ruiru mumwangalie meno. Treni ya asubuhi inapiga filimbi, unaamka, unavaa viatu. Je, umewahi kumwona anayeipiga? Kwa nini basi sauti zote za nchi hii ziaminiwe, na sauti ya Makau peke yake ionekane ya mtu asiye na miguu?

3. Kuhusu Jumamosi yenyewe.

Hapa ndipo palipo na uchungu, nami naomba uvute kiti.

Ninaamini tangu Wakamba na Wakikuyu waanze kuoana, hakujawahi kuwa na posa iliyopangwa vizuri kama ile. Niliipanga kwa siku tatu. Baba mdogo Ndila na wazee wenzake walipanda namba mbili, wakiwa wamekalia magunia ya pumba, wafike kwako saa nne kamili. Shangazi Kamene alipanda namba tatu, mbele kando ya dereva kwa sababu ya kiuno, pamoja na sukari, majani ya chai na blanketi la Mama Idah, afike saa nne na dakika tano. Mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwetu Ukambani ndio muhuri wa ndoa, walipanda namba tano na Omondi, aliyekuwa anafuata mawe upande wa Kiuu. Hao nilitaka wafike saa nne na dakika kumi, ili wazee wawe wameshakaa na kuulizana habari kabla mbuzi hawajaanza kelele.

Mzee, wote walifika! Pumba ikashushwa, mawe yakafuatwa, sukari haikuloa. Mbuzi walichelewa dakika mbili, na nimemkemea Omondi.

Ndipo ukasimama mlangoni, ukamwangalia baba mdogo, ukaangalia njia, ukauliza. Shangazi Kamene ameliiga swali lako hapa uwanjani mara tano, na kila mara madereva wanacheka upya: "Na hii kijana yenyewe, iko gari gani?"

Baba mdogo akamwangalia shangazi. Shangazi akawaangalia mbuzi. Sikuwa katika gari lolote. Nilikuwa Thika, kwenye kiti changu, nimeshika simu, nikiingoja saa nane ifike nimpigie Idah aniambie mmepokeana vipi. Watu kumi na mmoja, mbuzi watatu na blanketi moja niliwaandika ubaoni. Jina langu sikuliandika.

Wewe uliita jambo hili dharau. Madereva wanasema nilijisahau. Mimi kwa unyenyekevu naliita ustadi. Anayepanga safari hapandi, kama vile wewe, ukitaka maziwa yafike kituoni, hujimimini ndani ya debe. Mpishi wa sherehe haonekani mezani, na watu wakishiba hawasemi aliwadharau. Kama ningekuja mwenyewe, nani angejua namba tano imechelewa dakika mbili?

4. Lalamiko la nne halipo. Kama lori letu namba nne, liko gereji. Tuendelee.

5. Kuhusu namna mbuzi walivyorudi.

Nakiri kwamba katika hili ulinigusa. Namba tano ilipokuwa inatoka Kiuu na mawe yake, uliisimamisha barabarani, ukawapakia mbuzi juu ya mawe, ukamwambia Omondi, "Peleka hii kwa mwenyewe. Ambia yeye gari isirudi tupu." Mzee, sijui ni nani aliyekuambia sheria yangu. Nadhani ni Idah. Kama karani niliona mzigo umepangwa vizuri. Kama bwana harusi niliingia stoo nikajifanya natafuta kamba.

Mbuzi hao sasa wamefungwa chini ya ubao wangu. Mkubwa wao ana tabia ya kulamba chaki. Jana alilamba namba mbili yote, na dereva wa namba mbili akakaa kwenye usukani tangu asubuhi hadi saa tano bila kwenda popote, kwa sababu ubao haukusema aende wapi. Naomba ulione hilo kwa jicho pana: mstari mmoja wa chaki ukifutika, watu wa Ruiru hawalishi ng'ombe pumba siku hiyo. Halafu mtu aseme karani hana kazi!

Baada ya malalamiko, naleta maombi. Ni machache na hayana gharama kwako.

Kwanza, itangazwe kanisani, hata kwa sentensi moja fupi kabla ya sadaka, kwamba mabati yaliletwa na Makau, na kwamba jogoo aliliwa na mtu ambaye si mwenyewe. Simtaki jogoo mwingine. Yule yule, kwa jina.

Pili, kwa kuwa unapenda mkwe dereva, nihesabiwe dereva. Omondi anaendesha lori moja. Mimi naendesha sita kwa wakati mmoja, pamoja na Omondi ndani yake, na sijawahi kugonga mti.

Tatu, ndoa ifungwe kwa simu. Usishtuke, Mzee, nimelipima. Mchungaji atasimama katika ofisi ya kiwanda cha kahawa na Idah kando yake, na wewe upande wa pili kwa ajili ya kukohoa inapofaa. Mimi nitakuwa hapa Thika. Mchungaji atauliza, nami nitajibu "Ndiyo" ambayo itasafiri maili kumi na nne za waya bila kupata vumbi. Pete itapanda namba mbili. Wageni wa upande wangu watasimama dirishani, na Waceke atawapa chai. Ikiwa laini itakatika katikati ya kiapo, tutaendelea palipoishia, kama tunavyofanya na magunia.

Nne, baada ya ndoa Idah aletwe Thika kwa lori lenye turubali zuri, na hati ya mzigo ambayo nitaitia sahihi mimi mwenyewe: "Amepokelewa, mzima, hakuna kilichopungua." Nyumbani nimeshapata ubao wa pili, mdogo. Kuni, maji, kanisa, kumtembelea mkwe, vyote vitaandikwa. Na Mungu akitujalia watoto nitaomba waje baada ya msimu wa kahawa, mmoja mmoja, bila kugongana njiani.

Utauliza kwa nini nisije tu. Mzee, siwezi. Nikiondoka kwenye kiti hiki hata saa moja, namba moja na namba tatu zitakutana kwenye daraja moja zikitazamana. Mananasi yatachacha. Kahawa ya Ruiru italala Ruiru, meli Mombasa itaondoka bila kahawa, na huko Ulaya watu wataamka asubuhi wakute vikombe vitupu, wasijue ni kwa sababu karani wa Thika alikwenda kumwona mkwewe. Mzigo huo sitaki uwe dhamirini mwako.

Naamini umenielewa. Namaliza hapa kwa kuwa simu inalia, na ni mtu wa pumba.

Msalimie Mama Idah, na umwambie blanketi alilorudisha limetunzwa mbali na mbuzi. Wasalimie wazee wa kanisa wote walio chini ya mabati. Msalimie mgongo wako. Wasalimie majirani walioshuhudia, ingawa nasikia walicheka. Idah nitamsalimia mwenyewe saa nane.

Ni mimi, mkwe wako kama utaridhia, na kama hutaridhia basi karani wako,

Zacharia Makau,
Karani wa Safari.

Nakala kwa: Bwana Harbans, kwa taarifa.
Omondi, sehemu ya jogoo tu.

Nyongeza:

Mzee, usishangae mwandiko umebadilika. Naandika juu ya goti, Witeithie, kando ya barabara, dereva akiwa ameshuka kutafuta maji ya injini.

Mambo yamekuwa hivi. Nilimpa Bwana Harbans nakala yake. Aliisoma yote, polepole, akivuta ndevu, nami nikasimama nikingoja sifa. Alipomaliza aliniuliza neno moja tu: "Makau, wewe napanga gari yote. Nani napanga wewe?" Nikarudi kwenye kiti changu.

Saa nane nikampigia Idah, kama kawaida. Nikauliza magunia. Akasema, "Ni thelathini na mbili. Baba amesema hiyo barua uliniambia jana utaandika hatasoma. Hata mimi sitasoma. Njoo." Kisha akakata simu, yeye ambaye hajawahi kukata kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Namba nne ilikuwa imetoka gereji adhuhuri hiyo, na ilikuwa haijapangiwa kazi. Nikachukua chaki. Nikaandika: "Namba nne. Ruiru. Mzigo: mbuzi watatu, blanketi, Makau." Chaki nikampa Waceke, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Kabla sijapanda lori alikuwa ameshauangalia ubao akasema, "Kwani hii namba moja na namba tatu, kila siku zinapishana njiani zikiwa zimebeba kitu kimoja?" Ni kweli. Mwaka mzima zimekuwa zikipeleka mananasi kule na kuyarudisha huku, na mimi sikuona. Akazibadilisha pale pale, na madereva wakaondoka bila hata kulaumu. Kwa hiyo lile nililosema kuhusu meli na Ulaya, tafadhali lifute.

Sasa lile lalamiko la nne, nililosema liko gereji. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nisamehe kwa kuitaja methali hiyo kwa mkwe. Sikujisahau siku ile ya Jumamosi. Wala haukuwa ustadi. Nilishika chaki mara tatu niandike jina langu, na mara tatu nikaiweka chini, kwa kuwa niliogopa. Mzee, mimi nina sauti kubwa. Kwenye simu, watu ambao hawanijui huniita bwana mkubwa. Idah aliwahi kuniambia kwamba akinisikia anaona mtu mrefu anayeinama mlangoni. Nilicheka, sikumsahihisha. Mimi ni mfupi. Omondi akisimama nami namfikia kwapani, na kwenye kiti changu cha kazi nimewekea gunia nililolikunja mara nne. Miezi minane nimempenda binti yako kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandika ubaoni, na miezi minane nimeogopa siku atakaponiona. Niliona heri awapokee wazee, sukari na mbuzi, azoee kwanza.

Wewe ulisema huozi sauti. Ulikuwa na haki. Jogoo pia namsamehe.

Barua hii ningekuwa nimeichana, lakini nimeona nikukabidhi mwenyewe mkononi, ili ukitaka kucheka nicheke nawe. Dereva amerudi na maji. Nimeangalia na hakuna kitu nilichopanga lori hili lirudi nacho. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu.

Tukifika tutasimama penye lango lako. Watashuka mbuzi, atashuka dereva, halafu atashuka mtu mmoja mfupi ameshika blanketi. Mwambie Idah asiangalie nyuma ya mtu huyo kumtafuta mwingine. Ni mimi.